Kabla Baraza Halijapitisha: Mkazi wa Ukonga, Kodi ya Jengo na Bajeti ya Jiji

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na wasomaji wa Ukonga, Gongo la Mboto, Majohe, Kivule na Chanika ni hili: "Kila mwezi nakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU. Hela hiyo inakwenda wapi, na mbona mtaani kwetu hakionekani kitu?" Wengine huuliza wamwone nani ili kiwango kipungue. Wengine wanalalamika kwamba walimweleza mheshimiwa diwani shida yao uso kwa uso, mwezi wa tano, akaitikia vizuri kabisa, lakini bajeti ilipotoka mradi wao haukuwemo.

Nawajibu wote pamoja kwa sababu maswali haya yana mzizi mmoja. Kiwango cha kodi ya jengo hakipangwi Ukonga wala kwenye Baraza la Madiwani. Kinapangwa Dodoma, mwezi Juni. Miradi ya mtaa wenu nayo huanzia mtaani kwenu, miezi mingi kabla ya Juni, na ombi ambalo halikuandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa kabla ya Desemba huwa halina pa kuingilia. Wananchi wengi wanapaza sauti mahali pasipoamuliwa jambo hilo, tena katika mwezi ambao uamuzi umeshapita. Hayo mawili yanarekebishika, na hapa chini naeleza namna.

## Usichanganye malipo

Kabla ya kulalamika, jua unalalamikia malipo yapi. Kila moja lina mwenyewe:

- Kodi ya jengo: inatozwa nyumba. Inakusanywa na TRA, na kwa walio wengi inakatwa kwenye LUKU.
- Kodi ya pango la ardhi: inatozwa kiwanja, ni ya Wizara ya Ardhi. Ukishakamilisha urasimishaji na kuchukua hati, hii itakufuata. Kukatwa kwenye LUKU hakuifuti.
- Ada ya taka: ya usafi wa mtaa, inakusanywa chini ya halmashauri. Dai risiti kila unapolipa.
- Leseni ya biashara, ushuru wa masoko, ushuru wa huduma unaolipwa na wafanyabiashara: haya ndiyo uti wa mgongo wa mapato ya ndani ya Jiji.

Nimesema "Jiji" kwa sababu wapo ambao bado wanaitafuta Manispaa ya Ilala. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Ukonga iko humo. Kwa hiyo ukiwa Gongo la Mboto bajeti yako ni ya Jiji, na kata yako inagombea fungu moja na Kariakoo, Upanga, Buguruni na nyingine, jumla kata 36.

Kodi ya jengo ilikuwa ya halmashauri tangu Sheria ya mwaka 1983. Mwaka 2008 TRA ikapewa kazi ya kuikusanya Dar es Salaam, mwaka 2014 ikarudishwa kwa manispaa, na kuanzia Julai 2016 ikaenda tena TRA. Siku hizi inaingia Mfuko Mkuu wa Hazina, na kinachorudi kwa halmashauri ni sehemu tu. Ndiyo sababu hoja ya "nalipa kodi ya jengo, nijengewe mtaro" haimbani mkurugenzi wa Jiji kama unavyodhani. Kinachombana ni mapato ya ndani. Huko ndiko pa kuelekeza maswali.

## Soma ujumbe wa LUKU mpaka mwisho

Tangu Agosti 2021 kodi hii inakatwa unaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda: 1,500 kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa, yaani 90,000 kwa mwaka.

Hebu tuangalie ujumbe wenyewe. Wengi huchukua zile tarakimu 20 za tokeni, wanaingiza kwenye mita, basi. Usiishie hapo. Chini ya tokeni kuna uniti, gharama ya umeme, VAT, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, na kama ndiyo mara yako ya kwanza kununua mwezi huo, kuna mstari wa deni lililokatwa. Mstari huo ndio kodi ya jengo. Mtumiaji wa nyumbani ambaye hayumo kwenye tarifu ya wanaotumia umeme kidogo hupata kama uniti 28 kwa shilingi 10,000. Akikatwa 1,500 anapata karibu uniti 24. Kwa hiyo ukiona uniti zimepungua tarehe 2 na zimekaa sawa tarehe 15, mita haina tatizo na hujaibiwa.

Angalizo: usiponunua umeme miezi mitatu, kodi haikusamehe. Inajilimbikiza na kukatwa kwa mkupuo. Mwenye nyumba iliyokaa wazi, au aliyesafiri, ajiandae kwa 4,500 za miezi hiyo, pamoja na makato ya mwezi wenyewe, siku atakayonunua.

Na nyumba isiyo na umeme? Inadaiwa vilevile. Mwenyewe anatakiwa aende TRA apewe namba ya malipo, alipe benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha taslimu mlangoni hata akiwa na kitambulisho shingoni.

### Makosa ya mita ninayoyasikia sana

1. Nyumba moja, mita nne. Ukonga tuna nyumba nyingi za wapangaji ambako kila chumba au kila upande una mita yake. Kodi inatakiwa iwe ya jengo, si ya kila mita. Orodhesha namba za mita zote, nenda TRA, omba kodi ibaki kwenye mita moja. Usimtume mpangaji. Aende mwenye nyumba na uthibitisho wa umiliki.
2. Nyumba ya chini inayotozwa kama ghorofa, au fremu ya duka iliyosajiliwa vibaya. Piga picha ya jengo, beba jumbe za LUKU zinazoonyesha makato, omba marekebisho kwa maandishi.
3. Mpangaji anayelipa kodi isiyo yake. Kisheria kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anatanguliza tu kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Kubalianeni mapema, na iandikwe kwenye mkataba wa pango: ama 18,000 zipunguzwe kwenye kodi ya nyumba kwa mwaka, ama mita yenye makato ibaki ya mwenye nyumba. Mpangaji, hifadhi jumbe zako. Bila hizo huna ushahidi.
4. Mita yenye jina la marehemu. Familia nyingi zinaahirisha mirathi kwa miaka. Siku mnapotaka marekebisho au msamaha, jina lisipolingana mtarudishwa. Anzeni mirathi kwanza.

## Msamaha wa wazee na watu wenye ulemavu

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu haki ipo na wenyewe hawaijui. Mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi anasamehewa kodi ya jengo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Mtu mwenye ulemavu asiye na kipato naye ana msamaha kwa nyumba anayoishi. Nyumba za udongo na za makuti zimeachwa nje ya kodi hii. Lakini mfumo wa LUKU haujui umri wa bibi yako. Asipoomba, ataendelea kukatwa.

Fanyeni hivi:

- Nendeni kwa mtendaji wa mtaa, muombe barua inayothibitisha kwamba mzee ni mkazi, nyumba ni yake na anaishi humo.
- Bebeni kitambulisho cha NIDA, au cheti kinachoonyesha mwaka wa kuzaliwa, pamoja na hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano.
- Andikeni namba ya mita kutoka kwenye mita yenyewe, msitegemee kumbukumbu.
- Pelekeni ofisi ya TRA na mhakikishe mnapewa uthibitisho kwamba ombi limepokelewa.
- Mwezi unaofuata, someni ujumbe wa LUKU. Makato yakiendelea, rudini na ujumbe huo mkononi.

Onyo moja. Msamaha ni wa nyumba moja ya kuishi. Mzee mwenye nyumba tatu, mbili za kupangisha, hatasamehewa zile mbili. Wala msihamishe jina la nyumba ya kijana kwenda kwa bibi ili kukwepa 1,500 kwa mwezi. Siku bibi akifariki mtakuwa mmejitengenezea kesi ya mirathi ya mamilioni.

## Kiwango kinapangwa wapi, na wapi useme

Kiwango hubadilishwa kwa Sheria ya Fedha. Waziri wa Fedha husoma hotuba ya bajeti bungeni katikati ya Juni, Muswada wa Fedha unajadiliwa, na mabadiliko huanza Julai 1. Ukitaka kushawishi kiwango, milango ni mitatu.

Wa kwanza ni miezi kadhaa kabla, Wizara ya Fedha inapotangaza kupokea maoni ya maboresho ya kodi kwa bajeti ijayo. Tangazo hilo hutoka mapema, na wafanyabiashara wakubwa hulisubiri na maandiko yao yako tayari. Wakazi hawaandiki. Wa pili ni Juni, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Bajeti inapowaita wadau kutoa maoni juu ya Muswada. Wa tatu ni mbunge wenu. Mpelekeeni hoja kabla ya Aprili, kwa maandishi, akiwa bado hajazama kwenye vikao vya Dodoma.

Hoja yenyewe iwe na nguvu. "Kodi ni kubwa" haitoshi. Binafsi naona hoja nzito kuliko zote ni ya usawa: nyumba ya vyumba viwili Majohe, kwenye njia isiyopitika masika, inalipa 18,000 sawasawa na jumba la chini lenye bwawa la kuogelea Masaki. Kiwango kimoja ni rahisi kukusanya, na naelewa kwa nini kilichukuliwa, kwa sababu uthamini wa nyumba moja moja ulikuwa unasuasua na mianya ilikuwa mingi. Lakini urahisi wa mkusanyaji umelipwa na mwenye nyumba ndogo. Majirani wamechagua tofauti: Nairobi hutoza kwa thamani ya ardhi, na Uganda, kwa sheria ya mwaka 2005, nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi, zinatozwa za kupangisha na za biashara. Kwa hiyo mnaweza kuomba ngazi za viwango kwa ukubwa au eneo, au kuomba sehemu kubwa zaidi ya kodi hii irudi kwenye halmashauri ilikotoka. Hayo yanajadilika. Ombi la kufuta kodi kabisa haliendi popote.

## Kalenda ya bajeti ya Jiji

Ikateni muibandike ukutani. Tarehe husogea kidogo mwaka hadi mwaka, mpangilio haubadiliki.

- Agosti hadi Oktoba: mitaa inaibua vipaumbele. Watumishi huuita utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.
- Novemba hadi Desemba: Serikali inatoa mwongozo wa bajeti na ukomo wa bajeti, yaani kiasi ambacho halmashauri haiwezi kukivuka. Kamati ya Maendeleo ya Kata inachuja maombi ya mitaa.
- Januari hadi Februari: wakuu wa idara wanaingiza kwenye mfumo, Kamati ya Fedha inapitia, Baraza la Madiwani linapitisha.
- Machi: Mkoa, TAMISEMI na Hazina wanahakiki.
- Aprili hadi Juni: Bunge.
- Julai 1: mwaka wa fedha unaanza.

Tazama mwezi wa tano uko wapi. Diwani aliyeitikia ombi lako Mei si lazima awe alikudanganya. Baraza lilishapitisha bajeti miezi mitatu nyuma. Kama ombi ni la dharura, kwa mfano daraja limechukuliwa na maji kama wakazi wa Ulongoni walivyowahi kuona, kuna njia nyingine za dharura. Kama ni darasa au zahanati, umechelewa mwaka mzima.

## Mkutano wa mtaa: kazi yenyewe

Kila mkazi wa mtaa mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa mtaa, awe na nyumba au amepanga. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndiye anayeuongoza, mtendaji wa mtaa ndiye katibu. Yule mjumbe wa nyumba kumi ni wa chama. Mheshimuni, mshirikisheni, lakini ombi lililoishia kwake halijafika serikalini.

Kabla ya mkutano:

1. Ulizeni tarehe ofisi ya mtaa mapema, kuanzia Agosti. Kama haujaitishwa mpaka Septemba, andikeni barua fupi kuuomba, wakazi kadhaa wasaini, nakala kwa mtendaji wa kata.
2. Kaeni kwanza watu wachache, wazazi, mafundi, wafanyabiashara wa hapo, mkubaliane jambo moja. Mtaa unaokwenda na maombi tisa unamwachia afisa mipango auchagulie, na atachagua la bei nafuu.
3. Mpeleke fundi anayeaminika kwenye eneo, aandike makadirio ya vifaa na ufundi, karatasi moja inatosha.
4. Omba jambo lenu liwe agenda. Likibaki kwenye "mengineyo" litafikiwa jua linazama na watu wamebaki kumi.

Sasa muhtasari. Huu ndio nataka muushike kuliko kitu kingine chochote kwenye makala hii. Nimesoma mihtasari ya mitaa iliyoandikwa hivi: "Wananchi waliomba barabara, maji, zahanati, shule na ulinzi." Sentensi hiyo haina mradi. Hakuna afisa anayeweza kuibebesha fedha. Linganisha na hii:

"Mkutano umeazimia kuwa kipaumbele cha kwanza cha mtaa kwa mwaka wa fedha ujao ni kukamilisha boma la madarasa mawili katika shule ya msingi ya mtaa. Boma limefika kwenye lenta. Wananchi wametoa tofali, mchanga na nguvukazi. Kilichobaki ni kupaua, plasta, sakafu, milango na madirisha. Darasa la kwanza na la pili wanasoma kwa zamu. Makadirio ya fundi yameambatishwa."

Hapo pana kitu cha kushika. Kipaumbele ni kimoja, kazi ilipofika inaonekana, mchango wa wananchi umetajwa, kilichobaki kimeorodheshwa, na anayeumia anajulikana. Serikali yenyewe imekuwa ikisisitiza kukamilisha maboma kabla ya kuanzisha majengo mapya, kwa hiyo mtaa wenye boma una kadi mkononi.

Kabla mwenyekiti hajafunga kikao, nyoosha mkono, muombe mtendaji asome azimio kama alivyoliandika. Likisomwa mbele ya watu, linabaki hivyo. Hakikisheni orodha ya mahudhurio imesainiwa. Wiki inayofuata nendeni mkaombe nakala yenye muhuri. Zungumzeni kwa heshima. Mtendaji wa mtaa ana kazi nyingi na vifaa vichache, na mkimpelekea rasimu iliyochapwa vizuri pamoja na mchango wa karatasi na nakala, mara nyingi atashukuru.

Baada ya hapo, usilale. Mwenyekiti wa mtaa ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani ndiye mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ndiye katibu. Muulize mwenyekiti wenu, kabla ya kikao, atalisemaje jambo lenu. Baada ya kikao, muulize limeshika nafasi ya ngapi kati ya maombi ya kata. Kama ni la nne au la tano, kwa ukomo wa bajeti mnajua hali yenu, na mna wiki chache za kuzungumza na diwani na maafisa elimu au afya wa kata.

## Usipeleke ombi kwenye mlango usio wake

Nguvu nyingi hupotea hapa. Kwa kifupi:

- Shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, masoko, usafi: halmashauri ya Jiji.
- Barabara za mitaa, makalavati, madaraja madogo na mitaro ya barabarani: TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Diwani bado ana sauti kupitia vikao, lakini fedha na mkandarasi viko TARURA. Andikeni kwa meneja wa wilaya, nakala kwa diwani. Taja mahali barabara inapoanzia na inapoishia, si "barabara yetu".
- Barabara kubwa kama Nyerere: TANROADS.
- Maji: DAWASA.

Muhtasari wa mtaa bado una kazi hata kwenye hizi taasisi. Ambatisha nakala kwenye kila barua.

Pia kumbuka kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vya Gongo la Mboto na Pugu vinavyouliza kama bado ipo, ndiyo, ulizieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

## Mnayonibishia

"Yote yanapangwa Dodoma, mkutano wa mtaa ni geresha." Ukomo wa bajeti unatoka juu, kweli. Lakini ndani ya ukomo huo mtu anaamua darasa lijengwe Kivule au Kipunguni, na huamua kwa karatasi alizonazo mezani. Mtaa usio na karatasi haumo kwenye mazungumzo hayo.

"Mimi ni mpangaji, mwakani nahama." Mtoto wako anasoma mwaka huu, kwenye darasa la mwaka huu. Na kodi ya jengo umeilipa wewe kwenye tokeni.

"Nafanya kazi mjini, narudi saa tatu usiku." Mikutano mingi hufanyika Jumamosi au Jumapili. Ukishindwa, mpe jirani maandishi yako na uende ofisi ya mtaa siku moja ya kazi asubuhi kukagua muhtasari.

"Mwenyekiti wetu hasomi mapato na matumizi." Muombeni kwa barua, nakala kwa mtendaji wa kata. Akinyamaza, nakala ya pili iende kwa mkurugenzi wa Jiji. Msianze na mitandao ya kijamii. Mkianzia huko, mwenyekiti atajitetea kwa kelele na barua yenu itakuwa imepoteza uzito.

"Tuliomba, tukaambiwa tuchange kwanza." Kuchanga kunasaidia kupandisha kipaumbele, lakini mchango ni hiari, na lazima uwe na risiti, kamati na taarifa kwa wananchi. Mkusanyaji asiye na stakabadhi msimpe hata mia.

## Baada ya Julai 1

Bajeti kupita si fedha kufika. Mradi unaweza kuwemo kitabuni na usijengwe kwa sababu makusanyo hayakufikia lengo. Kwa hiyo:

- Julai, nenda ofisi ya kata ukaulize kama mradi wenu umo, kwa jina gani, kwa kiasi gani, na kutoka chanzo kipi. Andika vyote vinne. Mradi wenye chanzo "mapato ya ndani" hutegemea makusanyo ya Jiji. Wenye chanzo cha Serikali Kuu hutegemea Hazina.
- Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Mtume mmoja wenu akasikilize taarifa ya robo mwaka, aje na tarakimu.
- Fedha zikiingia shuleni au zahanati, dai kibao cha mradi kinachoonyesha kiasi, na kamati ya ujenzi itoe taarifa kwenye mkutano wa mtaa.
- Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa wazi bungeni. Sehemu ya serikali za mitaa ina mambo ya halmashauri kwa majina. Isomeni sehemu ya Jiji letu.
- Kama hadi Desemba fedha haijatoka, muulizeni diwani kabla ya mapitio ya nusu mwaka, kwa sababu ndipo fedha za mradi uliosimama huhamishiwa kwingine. Mpeni swali kwa maandishi alipeleke kikaoni: mradi wetu umehamishwa, umeahirishwa au unasubiri fedha? Jibu lake liingizeni kwenye muhtasari wa mkutano unaofuata wa mtaa, pamoja na azimio la kuuomba tena mwaka wa fedha unaofuata, kwa sababu mradi usioombwa upya mara nyingi haubebwi mbele.